Mama mkwe anaondoka Jumamosi, mtoto ana siku 18. Baba naanzia wapi?

BabaMwaloni

Habarini za asubuhi ndugu zangu. Naandika nikiwa Mwaloni, soko la samaki hapa Kirumba, Mwanza, nimekaa juu ya magunia, nasubiri boti kutoka visiwani ishushe dagaa. Nina jambo linaninyima usingizi kuliko mtoto mwenyewe, naomba ushauri wa watu waliolea.

Mke wangu alijifungua binti siku kumi na nane zilizopita, pale hospitali ya Sekou Toure, njia ya kawaida, kilo 3.1. Ni mtoto wetu wa kwanza. Wote wawili wako salama, na kila nikilitamka neno hilo namshukuru Mungu upya.

Tunaishi upande wa mlimani, kule nyumba zimebanana na mawe, chumba na sebule. Kwa desturi yetu mke wangu angerudi kwao Kwimba kujifungulia huko mtoto wa kwanza, lakini miezi ya mwisho presha yake ilikuwa inapanda, kliniki wakamwambia asikae mbali na hospitali kubwa. Basi mama yake ndiye aliyekuja. Alishuka Nyegezi stendi na kuku wawili, kiroba cha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), unga wa ulezi na chupa ya samli, akapanda ule mlima wetu kwa miguu akiwa amebeba kila kitu mwenyewe, maana mimi nilikuwa hospitali. Sitamsahau kwa hilo. Tangu siku hiyo ndiye anayemkanda binti yake, anamwogesha mtoto, anapika uji, analala macho.

Sasa wale wa kwetu mtanielewa. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja. Hatuli pamoja, simtazami usoni, akipita mlangoni nasogea pembeni. Hivyo ndivyo nilivyolelewa Misungwi, na heshima hiyo naifuata kwa moyo wangu wote. Shida ni ukubwa wa nyumba. Yeye, mke wangu na mtoto wako chumbani. Mimi nina godoro sebuleni. Katikati yetu kuna pazia.

Kwa hiyo mtoto wangu namfahamu kwa masikio. Najua mlio wa njaa: unaanza na kukoroma kidogo, kama mwanambuzi aliyefungiwa, kisha unakatika, kisha ndipo kilio kinafumuka. Najua anapolia kwa sababu ya nepi, huo ni mfupi na wa hasira. Lakini kumshika, nimemshika mara tano. Nimezihesabu. Kila mara ni mchana, mama mkwe akiwa ametoka kwenda bombani au kwa jirani.

Usiku wa nne mke wangu alikuwa analia. Si mtoto, yeye. Analia kwa chini, mdomo kwenye kanga. Nilisimama mbele ya pazia nikashindwa kulifungua, kwa sababu mkwe wangu alikuwa amelala pale na mimi sina ruhusa ya kumwona mama wa watu akiwa kitandani. Nikarudi kwenye godoro. Nilikaa nimekumbatia magoti mpaka saa kumi, nikaondoka kwenda kazini. Tangu hapo amelia tena usiku mwingine, nadhani mara tatu nilizosikia.

Kuna mambo mengine mawili. Jioni, tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu hivi, mtoto analia hakuna cha kumtuliza. Mama mkwe anasema ni mchango, tena maziwa ya mama yake ni mepesi, hayamshibishi, apewe maji ya moto yenye sukari kidogo. Mke wangu aliambiwa kliniki maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Wanabishana kwa sauti ya chini, halafu kunakuwa kimya, na mimi sijui kama kijiko kimepita au hakijapita. La pili, mvua zikinyesha usiku mama anaingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto asipigwe na baridi. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Moyo wangu hautulii, lakini mkwe nitamwambiaje? Kwa mdomo upi?

Na Jumamosi anaondoka. Angekaa mpaka arobaini, ila mvua imekubali, miche ya mpunga iko tayari kuhamishiwa kwenye majaruba na shambani hakuna mtu. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele za haki. Mke wangu anaogopa Jumamosi hiyo, nimeona. Mimi naiogopa na papo hapo naingoja, kwa sababu ndiyo siku nitakayoingia chumbani kwangu.

Kazi yangu inafuata mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mtoto alizaliwa karibu na mwezi mpevu, wavuvi wa dagaa wakawa wamepumzika, nikapata siku za kukaa nyumbani. Sasa ni giza, taa ziko ziwani kila usiku na mzigo unashuka kila alfajiri. Nikikosa siku tatu, wateja wangu wa Kongo wanahamia kwa mwingine.

Naomba mnieleze, mwanaume asiyejua kitu anaanzia wapi? Na hayo mawili, maji ya sukari na jiko, nayasemaje bila kumvunjia heshima mama aliyepanda mlima kwa ajili yangu?


Mzee wa Igoma

Hongera sana kijana. Ushauri wangu ni mfupi: tafuta mdogo wako wa kike au binti wa ukoo aje akae mwezi mmoja na nusu. Sisi wote tulilelewa hivyo. Wewe tafuta hela, mama mzazi anahitaji supu. Kila mtu na zamu yake.


MamaKulwaNaDoto

Hongera baba, na mpe hongera mwenzio. Mzee wa Igoma kasema vyema kama binti wa ukoo yupo, ila huyu baba ameuliza jambo lake mwenyewe, nami nataka nimjibu hilo.

Mimi nilipata pacha, Kulwa na Doto, tukiwa Nyegezi. Nimeajiriwa, sheria ya ajira ikanipa siku 100 kwa kuwa ni pacha, wa mtoto mmoja wanapata 84. Mume wangu, dereva wa kampuni, alipewa siku tatu. Siku tatu! Siku ya nne aliamka saa kumi usiku. Nilifikiri anaenda kazini mapema, kumbe alikuwa nyuma ya nyumba anafua nepi kwa tochi ya simu. Hakuniuliza, hakutangaza. Asubuhi nikatoka nikakuta kamba imejaa nepi nyeupe. Nililia pale uani, nao ukawa mlio tofauti na ule wa usiku.

Nakwambia hili kwa sababu unauliza unaanzia wapi, na kufua nepi hakuhitaji kufungua pazia. Unaweza kuanza leo. Mwambie mkeo akuwekee beseni nje ya mlango. Najua mlimani maji ni shida, basi maji yawe kazi yako kabla hujashuka Mwaloni, jaza kila ndoo iliyomo. Mama anayenyonyesha anaona kiu ya ajabu, mtoto akishika titi tu koo linakauka kama umekula michembe mitupu. Mume wangu alikuwa anaacha chupa mbili kando ya kitanda, moja maji, moja uji wa ulezi, na kikombe kikiwa wazi tayari, sababu mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika mtoto. Hicho kikombe kilichokuwa wazi nakikumbuka kuliko khanga zote nilizotunzwa.

Supu pia siyo lazima kuku kila siku. Wewe dagaa wako mikononi, chagua wale safi wasio na mchanga, mpikie na nyanya na kitunguu. Sato ukipata, chemsha na ndimu.

Sasa la mama mkwe. Usimwambie wewe. Na usimtume mkeo akamwambie, atabaki na lawama ya kumfundisha mama yake kulea. Fanya hivi: kabla ya Jumamosi mkeo aende kliniki, na mama amsindikize, ambebee mtoto. Akifika pale mkeo aulize swali la maji ya sukari mbele ya nesi, tena aliulize kama lake mwenyewe: "Mtoto analia jioni, nimpe nini?" Bibi atasikia kwa masikio yake kutoka kwa mtu mwenye sare. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa mama yangu aliyetaka kuwapa pacha wangu maziwa ya ng'ombe wiki ya pili. Hakuna aliyeaibika. Tuliporudi nyumbani alianza kuwafundisha majirani.


NesiMstaafu_Sengerema

Mwanangu, hongera. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto kwa miaka mingi upande huu wa ziwa. Nitaandika kirefu, usome na mkeo.

Kwanza mkeo, kabla ya mtoto. Umetaja presha ukapita. Usipite. Presha ya ujauzito haiishi siku ya kujifungua, inaweza kupanda hata wiki kadhaa baadaye. Mama akisema kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu au nyota, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, amevimba uso, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, usingoje mzigo ushushwe. Vivyo hivyo akitokwa na damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, au homa, au uchafu wenye harufu mbaya. Hata kama haoni kitu, apimwe presha wiki hii.

Machozi. Siku ya tatu mpaka wiki mbili za mwanzo, akina mama wengi sana hulia bila kujua sababu, na hupita yenyewe. Wako ana siku kumi na nane na bado analia, basi aliseme hilo kliniki kwa mdomo wake, asilifiche. Ipo sonona inayowapata wazazi, ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una tiba. Akikwambia hajisikii chochote kwa mtoto, au anatamani asiwepo, au halali hata mtoto akilala, usimwache peke yake, mpeleke. Na wewe muulize. Usimuulize "umeshindwa nini?", muulize "usiku unakuwaje?"

Mtoto. Maziwa mepesi hayapo. Yanayotoka mwanzo wa kunyonya yanaonekana kama ya maji, yanakata kiu. Akiendelea kunyonya titi lile lile yanakuja mazito yenye mafuta. Asimhamishe haraka. Utajuaje anashiba? Hesabu nepi zenye mkojo, sita au zaidi kwa siku moja na usiku wake. Wewe ndiye mfuaji sasa, kwa hiyo hesabu iko mikononi mwako. Halafu mizani: karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, na wengi hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili. Wako alizaliwa na 3.1, akipimwa awe amefika hapo au amepita. Akiwa chini, wasaidiwe kunyonyesha. Maji ya sukari yanajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, maziwa nayo yanapungua kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Na maji yetu tunajua yanakotoka, kuhara kwa mtoto wa siku kumi na nane si jambo la kujaribia.

Kilio cha jioni. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hukua mpaka karibu wiki ya sita, kisha hushuka, miezi mitatu au minne huwa kimekwisha. Mtoto ananyonya vizuri, anaongezeka, hana homa, basi si ugonjwa. Anahitaji kifua, kutembezwa, kupigwapigwa mgongoni mpaka acheue, sauti ya chini. Mama aliyechoka tangu alfajiri hawezi hayo masaa matatu. Baba anaweza. Hiyo ndiyo zamu yako, mwanangu, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na hufanyika sebuleni, nje ya pazia.

Jiko la mkaa litoke leo. Si la kungoja Jumamosi. Mkaa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, inaua watu usingizini bila hata mmoja kushtuka. Mimi mwenyewe nimepokea familia iliyolala na jiko. Mtoto hupata joto kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia na soksi. Nguo zake ziwe moja zaidi ya zile unazohitaji wewe. Mawe ya mlimani kwenu yanashika joto la jua mpaka usiku, watoto wengi wa huko waliletwa kwangu wamejaa vipele vya joto chini ya blanketi tatu. Chandarua muhimu kuliko blanketi, huku kwetu malaria haiangalii umri. Alichopewa kliniki akitumie, kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Dalili za kumkimbiza mtoto hospitali: ameacha kunyonya, amelegea haamki, mwili wa moto au wa baridi, anapumua haraka (hesabu dakika nzima, pumzi 60 au zaidi), kifua kinabonyea ndani, anashtuka viungo, kitovu chekundu au kina usaha, umanjano uliofika viganjani na nyayoni. Mtu akikwambia degedege ni la kienyeji, mpishe njia, wewe beba mtoto.

Wiki ya sita ana chanjo. Hata kama giza limekolea ziwani, tarehe ya kadi isipite.


Mvuvi_Nansio

Shikamoo Mama Nesi.

Kaka, mimi niko upande wa pili wa kazi yako, ndiye ninayekaa na taa usiku. Watoto watatu. Giza zote tatu za mwanzo za watoto wangu nilikuwa ziwani, na kwa mtoto wa kwanza nilijiona kama mgeni aliyeleta samaki akaondoka.

Kwa wa pili tulipanga hivi na mama yao. Narudi saa mbili asubuhi, naoga, nakula. Akishamnyonyesha ananipa, yeye analala mpaka saa tano, mlango umefungwa, hakuna wa kumgusa. Akiwa na njaa kabla ya hapo nampelekea kitandani, ananyonya mama akiwa amelala ubavu, namchukua tena. Nami nalala mchana baada ya hapo. Usiku wote ulikuwa wake, asubuhi ikawa yangu. Usingizi wa masaa matatu yaliyofuatana ulimrudisha mke wangu duniani, nakwambia ukweli. Yale ya kulala nusu saa nusu saa hayajengi mwili.

Wewe unashuka Mwaloni saa kumi, mnamaliza saa nne hivi? Basi saa tano mpaka saa nane mchana ni yako. Na jioni hiyo aliyokupa Mama Nesi. Lala saa tatu usiku mtoto akitulia.

Oga kwanza, na sabuni. Harufu ya dagaa siyo shida, uchafu wa magunia ndiyo shida. Mimi nilikuwa nalala naye kifuani kwenye kochi, anatulia kabisa.


NesiMstaafu_Sengerema

Marahaba baba. Ratiba yako nzuri sana, ila hapo mwisho nakurekebisha kwa upendo. Kumkalisha kifuani ukiwa macho, sawa kabisa. Kulala usingizi naye kwenye kochi, hapana. Mtu aliyetoka kazini usiku analala kama jiwe, mtoto anateleza kati ya mwili na kochi anakosa pumzi. Ukihisi macho yanafumba, mlaze chali mahali pake, pasipo mto wala nguo laini usoni.


Mvuvi_Nansio

Nimekuelewa Mama. Wa nne yuko njiani, nitafuata hivyo.


BabaMwaloni

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nikamsomea kupitia pazia. Jiko limetoka usiku ule ule. Sikusema neno, nilirudi na blanketi jipya la mtoto na kofia, nikavituma ndani kwa mtoto wa jirani, na ujumbe kwamba nesi amesema mkaa una sumu. Mama alimpa yule mtoto jiko alitoe nje. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.


BabaMwaloni

Narudi kuwapa mrejesho, imepita wiki.

Alhamisi walikwenda kliniki watatu. Mke wangu aliuliza kama Mama Kulwa alivyosema. Nesi wa pale ni Msukuma, akamjibu bibi kwa Kisukuma, moja kwa moja, kwa kumwita mayo, yaani mama, akamwekea mtoto kwenye mizani mbele ya macho yake: kilo 3.4. Mke wangu anasema mama yake aliitazama ile mizani kwa muda, kisha akasema, "Basi mepesi hayo yananenepesha." Maji ya sukari hayajatajwa tena. Presha ilipimwa, iko sawa, ameambiwa arudi apimwe tena. Na alisema kuhusu machozi. Alikaa na nesi dakika nyingi peke yao, amepewa siku ya kurudi. Usiku ule nilimuuliza usiku unakuwaje. Alinyamaza, halafu akaongea mpaka saa tano. Alikuwa anadhani nimesusa chumba kwa sababu amezaa binti. Mimi! Ninayelala nikihesabu pumzi za binti huyo nyuma ya pazia. Hilo neno lilinichoma kuliko yote, kwamba heshima yangu kwa mama yake yeye aliisoma hivyo, na sikuwahi kumwambia chochote kingine.

Ijumaa ndiyo nataka kuwasimulia vizuri. Nilirudi saa nne na nusu, nikaoga, nikakuta beseni la maji ya uvuguvugu sebuleni, mkeka umetandikwa, taulo, sabuni ya mtoto. Mke wangu akaniletea binti, akaniambia mama amesema leo nimwogeshe mimi. Mama mwenyewe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Nikasikia sauti yake, lakini hasemi na mimi, anasema na mtoto: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako aweke mkono chini ya shingo yako. Mwambie aanze na uso, maji matupu. Mwambie asiogope makwapa, huko ndiko maziwa yanakojificha yakaoza." Na mimi nikamjibu mtoto: "Mwambie bibi nimesikia. Mwambie bibi kitovu kimekauka, hakina kitu." Tukaenda hivyo mpaka mwisho, nguo, kofia, mpaka namna ya kumpigapiga mgongoni. Alipocheua, huko nyuma ya pazia bibi akasema, "Ehee!" Hajawahi kunisomesha mtu kwa upole vile.

Jumamosi alfajiri sikushuka Mwaloni. Nilimwomba mwenzangu apokee mzigo wangu, na amenitunzia wateja, Mungu ambariki. Wakati wa kuondoka, mama alimlaza mtoto juu ya mkeka pale sebuleni, akarudi nyuma hatua mbili na kugeukia ukutani. Nikasogea nikamchukua. Kisha nikambebea mizigo yake kushuka mlima, nikitangulia mbele ili nisimwangalie, binti wa jirani akimshika mkono kwenye mawe yenye utelezi. Nilimpakia gari la Ngudu. Kwenye kapu lake nimeweka dagaa kilo tano, waliochaguliwa mmoja mmoja. Alipiga simu jioni kwa binti yake kusema amepita Hungumalwa salama na majaruba yamejaa maji.

Sasa ni sisi watatu. Si rahisi. Kilio cha jioni kipo pale pale, jana kilikwenda mpaka saa tatu na nusu, nikatembea sebuleni mpaka miguu ikawaka, chumba chenyewe ni hatua sita kwenda na sita kurudi. Nepi zangu za kwanza hazikutakata, mke wangu akazirudia kimya kimya. Nimemwomba anionyeshe badala ya kuzirudia. Jirani mmoja mwanaume alinikuta kambani akacheka, mkewe akamwita ndani. Wiki hii mbalamwezi inarudi, taa zitapungua ziwani, nitapata usiku kadhaa wa kukaa nyumbani, na nimemwambia mke wangu usiku hizo atalala mfululizo kadiri mtoto atakavyoruhusu.

Godoro nimelirudisha chumbani. Usiku wa kuamkia leo, saa saba, nilisikia kale kamkoromo, kama mwanambuzi. Nikanyanyuka, nikabadilisha nepi, nikamweka kwenye titi la mama yake kabla kilio hakijafumuka. Mama yake hakufungua hata macho.